Tangazo la Kijiji Lisiishie Kwenye Simu

Mwaka 1973 redio ilifanya kazi kubwa nchini Tanzania. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza. Kipindi kilipokwisha, kijitabu kilisomwa, maswali yakaulizwa, kisha wanakikundi wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Mafanikio hayo hayakuletwa na redio peke yake, bali na mazungumzo yaliyofuata.

Siku hizi simu imechukua sehemu ya kazi hiyo. Tangazo la mkutano wa kijiji, la chanjo au la mbolea hutumwa katika kundi la WhatsApp, na aliyelituma huhesabu kwamba wananchi wote wamekwisha arifiwa. Lakini mkulima asiye na simu ya aina hiyo, au aliyeishiwa bando, hana habari. Mambo ya ardhi yake huamuliwa bila yeye kuwapo. Akilalamika, huambiwa tangazo lilitolewa.

Kutuma si kuarifu. Hapana asemaye simu iachwe, kwani ni chombo chepesi na cha haraka. Hata hivyo, ni wajibu wa mtumishi wa umma kubandika tangazo hilo hilo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na kuhakikisha kwamba mwenyekiti wa kitongoji amelifikisha kwa wasio na simu. Naye mwalimu aliyemo kundini hana budi kuwaeleza majirani na kujibu maswali yao. Mwananchi mwenye haki ya kuamua ana haki ya kupata habari kwanza.