Wanaokuja Idi Tu Nao Ni Wetu

Ukumbi tuliokodi kwa swala ya Idi el Fitri ulijaa hadi watu wakatandika miswala uani. Ijumaa iliyofuata safu zilirudi kuwa zile zile chache, na maneno yakaanza: "Waislamu wa Idi hao, tutaonana mwakani." Jarida hili linayakataa maneno hayo.

Hatuipunguzi hukumu ya dini. Kwa madhehebu ya Shafi tuliyokulia pwani, swala ya Idi ni sunna iliyokokotezwa, ilhali swala tano ni faradhi, na Ijumaa ni faradhi kwa mwanamume. Anayehudhuria sunna akaacha faradhi ana deni, na wengi wao wanalijua hilo kuliko tunavyodhani. Tunalouliza ni hili: sisi wenzake tumemsaidiaje kulilipa?

Unguja au Mombasa, mtu hakusali kwa nguvu zake peke yake. Adhana ilimfikia chumbani, msikiti ulikuwa hatua chache kutoka barazani, na Ijumaa mchana alipita jirani amevaa kanzu akamwita kwa jina. Ramadhani mtaa mzima ulibadilika, hata asiyefunga akajificha kula. Mtaa ulimbeba. Alipofika Uingereza, mtaa ule haukusafiri naye.

Alichokikuta huku ni saa za kazi. Desemba, jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi zote huangukia ndani ya shifti moja. Juni, magharibi huingia baada ya saa tatu usiku, na isha humkuta mzazi anayeamka alfajiri kwenda kutunza wazee. Ramadhani nayo husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Ilipoangukia kiangazi, katikati ya miaka ya 2010, saumu ilikaribia saa 19. Wapo waliomudu yote hayo, na Mwenyezi Mungu awazidishie. Wapo walioshindwa kidogo kidogo, swala moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki Idi.

Kisha huja haya. Aliyekaa muda mrefu bila kuonekana huogopa mlango kuliko anavyoogopa safari ya basi. Anajua atapokewa kwa "umepotea wewe!" mbele za watu. Anajua kwenye hitma, juzuu 30 zikigawanywa, huenda akakabidhiwa moja na ulimi wake umekuwa mzito. Basi anaona heri abaki nyumbani, na watoto wake wanabaki naye. Hasara kubwa iko hapo, kwa sababu mtoto asiyeijua jamaa hii leo hatakuwa na pa kurudi akiwa mkubwa.

Hata hivyo, watu hawa hawajakata uzi. Hutoa zakatul fitri kabla ya swala ya Idi, kwa ajili yao na watoto wao. Na anapofariki mmoja wetu, wao huchanga gharama za mazishi, huomba ruhusa kazini na hushika jeneza. Swala ya maiti ni faradhi ya kifaya: wakiitekeleza baadhi, wengine wote wameondokewa na dhima. Siku hiyo hakuna anayemuuliza mwenzake mara ya mwisho alisali wapi. Ukarimu huo tuutoe na siku nyingine.

Tunapendekeza mambo ambayo yanawezekana. Kila familia inayohudhuria mara kwa mara ichague familia moja isiyoonekana, iipigie simu na kuialika futari au maulidi, bila mawaidha. Aliye na gari ampitie asiye nalo. Darasa la Kurani la watu wazima lianzishwe jioni ya siku ya mapumziko, lianzie herufi za mwanzo, na asiulizwe mtu kwa nini hajui. Na mlangoni asimame mtu wa kusema "karibu" tu.

Nawe ndugu unayetusoma, uliyekuja Idi na hukurudi: hatukuhesabii siku ulizokosa. Lakini tunakuhitaji. Kauli inayotegemewa kwa wanachuoni wa Kishafi ni kwamba Ijumaa hushurutishwa wanaume 40 wakazi wa mahali hapo. Katika miji midogo ya nchi hii wenzetu huhesabu vichwa kabla ya hotuba, na nafasi yako ni nafasi kweli. Mama unayebaki na watoto, sauti yako inakosekana kwenye maulidi, na wanao wanakosekana madrasa. Usingoje mpaka uwe umekamilika. Chagua siku moja mwezi huu, Ijumaa au hitma, mlete na mtoto, keti safu yoyote utakayopata. Sisi tuliomo ndani tunawajibika kukusogezea nafasi.