Nauli imeondoka, kazi imebaki

DIRISHA LA JUMAMOSI
Na Rehema Mwachiro

Nilifundisha Kiswahili miaka kumi na tisa kabla ya kuingia gazetini, na katika miaka hiyo nilialika waandishi shuleni mara nyingi. Nakumbuka vizuri tulivyowalipa. Kongamano la fasihi likiisha, mgeni akishakula pilau na walimu, mkuu wa idara alimvuta kando chini ya mwarobaini na kumkabidhi bahasha. "Mwalimu, hii ni ya nauli," tulimwambia. Neno malipo halikutoka kinywani mwa mtu. Naye alishukuru, akaitia bahasha mfukoni bila kuihesabu, akapanda matatu ya kurudi Mombasa.

Siku hizi mwandishi hapandi matatu. Tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi walijifunza kumleta mgeni darasani kwa Zoom au Google Meet, na shule zilipofunguliwa mtindo huo ukabaki. Naufurahia kwa dhati. Mtoto wa Garsen au wa Lodwar anaweza kumuuliza mtunzi kwa nini mhusika fulani alikufa, na ajibiwe papo hapo na aliyemuua. Ila bahasha imetoweka. Safari hakuna, kwa hiyo nauli hakuna. Na nauli ikikosekana, hakuna kingine kinachotolewa. Ndipo nilipotambua, kwa uchungu, kwamba miaka yote ile tulikuwa tukiilipa barabara. Kazi yenyewe hatukuwahi kuilipa.

Rafiki yangu mmoja huandikia watoto hadithi. Juzi alinifungulia kalenda yake ya muhula uliopita: vipindi kumi na kimoja vya mtandaoni, viwili tu vilivyolipwa. Kwa vipindi vingine alipata vyeti vya shukrani, ambavyo alipaswa kuvichapisha mwenyewe. Kila kipindi kiliandikwa saa moja, lakini nilipomtaka anieleze ile saa ilivyokwenda, alianza na jioni ya siku iliyotangulia. Alikisoma upya kitabu alichokiandika miaka sita nyuma, maana wanafunzi hukumbuka mambo ambayo mtunzi ameshayasahau. Alipanga maswali ya mwalimu. Alinunua bando. Asubuhi stima ya shule ikapotea, kipindi kikasogezwa hadi saa nane, na kazi nyingine aliyoipanga mchana huo ikalala. Kisha akazungumza na skrini yenye mabenchi ya nyuma tu na vipaji vya nyuso, asijue nani anasikia na nani amesinzia. Aliyewahi kufundisha kwa namna hiyo anajua inavyochosha kuliko kusimama mbele ya darasa.

Lililoniumiza zaidi ni la kurekodiwa. Shule moja ilimwambia atazungumza na darasa moja. Alipofungua linki akakuta shule tano. Alinyamaza, kwa adabu, akaendelea. Wiki kadhaa baadaye mwalimu asiyemjua kabisa akamtumia ujumbe kumshukuru kwa "somo zuri", akiwa ameliona kwenye kundi la walimu la WhatsApp. Hakuna aliyemwomba idhini. Mwandishi anayefika shuleni kwa miguu yake, kazi yake huisha akishatoka getini. Huyu wa mtandaoni amegeuzwa somo la kuchezwa mwaka huu, mwakani na mwaka wa kesho kutwa, katika shule ambazo hata jina lake hazikumuuliza. Kwa hiyo anayesema ziara ya mtandaoni ni nyepesi, inastahili bei ndogo, aanze kwanza kuniambia video ile itafutwa lini.

Najua jibu linalotolewa: atajulikana, vitabu vitauzwa. Tupige hesabu. Hadithi ya watoto ya shilingi 400, kwa mrabaha wa asilimia 10, inampa mwandishi shilingi 40. Ili apate shilingi 5,000 lazima nakala 125 zinunuliwe kwa sababu ya saa ile moja. Katika shule ambako watoto watatu wanasoma kitabu kimoja, na wengine wana PDF ya wizi kwenye simu, hilo halitokei. Na ikiwa ni kitabu teule cha mtihani, basi walioweza kukinunua walishakinunua kabla mgeni hajaalikwa.

Wala si kweli kwamba shule zetu hazijui kulipia fasihi. Vikundi vya maigizo vinazunguka nchi nzima na tamthilia teule, na wanafunzi hulipa ili watazame. Sipingi, waigizaji nao wana watoto wa kulisha. Lakini anayeigiza maneno analipwa, na aliyeyatunga anaombwa ajitolee. Hapo ndipo akili yangu inapogoma.

Wakuu wa shule nao wana kilio cha haki. Mgao wa serikali wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka hucheleweshwa na kukatwa, na hakuna mkuu atakayemlipa mtunzi kabla ya muuza maharagwe. Mtandao, hata hivyo, umeleta nafuu ambayo tumeitumia vibaya. Zile shule tano zilizojazana kwenye linki moja kimyakimya zingeweza kujazana kwa uwazi: kila moja itoe shilingi 2,000, mwandishi apate 10,000, na kila shule iwe imelipa chini ya gharama ya kumsafirisha mgeni mmoja kutoka Nairobi. Kule Uskoti, taasisi ya Scottish Book Trust huzichangia shule malipo ya waandishi kupitia mpango wake wa Live Literature, na kiwango hujulikana mapema. Kaunti zetu zina maktaba na bajeti za utamaduni. Sioni kwa nini zisianze hata kwa shule kumi.

Mwandishi akitaka kujitolea, ajitolee. Wapo wengi wanaofanya hivyo kwa shule walizosoma au za vijijini kwao, na Mungu awabariki. Ila zawadi hutoka kwa mwenye mali. Hatuwezi kumpangia.

Juma lililopita mkuu wa idara wa shule moja ya hapa pwani alinipigia simu. Wana kongamano mwezi ujao na wanatafuta mtunzi wa kuzungumza nao mtandaoni. Nilimpa jina, nikamsihi kabla ya kutuma linki amwandikie mgeni ni wanafunzi wangapi na wa shule zipi, kipindi ni cha muda gani, kitarekodiwa au la, na atalipwa kiasi gani, lini. Alikubali yote. Kisha akanyamaza kidogo.

"Sasa mwalimu, hiyo pesa kwenye vocha tuiite nini? Nauli haiwezi kuwa."

Nikamwambia aandike: malipo ya mwandishi.