Istilahi za Sayansi ya Metali katika Kiswahili: Majina Yapo, Tabia Hazina Majina

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya ukuzaji wa istilahi za Kiswahili, imekuwa ada kupima mafanikio kwa kuhesabu majina. Kila somo huulizwa iwapo vitu vyake vimekwisha kupatiwa maneno. Kwa kipimo hicho, sayansi ya metali haina upungufu mkubwa. Chuma, shaba, dhahabu, fedha, risasi, bati na zebaki ni maneno ya siku nyingi. Zinki, nikeli na kromi yamekopwa na kuzoeleka. Metali na aloi yamekwisha kuingia katika kamusi. Aitazamaye orodha hiyo anaweza kuhitimisha kwamba kazi imekamilika.

Makala haya yanadai kwamba kazi hiyo haijaanza pale ilipopasa kuanzia. Sayansi ya metali si elimu ya majina ya metali. Ni elimu ya tabia za metali, na ya mambo yatendwayo ili kuzibadili tabia hizo: kuyeyusha, kuchanganya, kufua na kupoza. Katika eneo hilo, ambalo ndilo kiini cha somo, istilahi za Kiswahili zingali haba na zenye utata. Gharama ya utata huo haimwangukii mtunga kamusi, bali humwangukia mwanafunzi na fundi.

2.0 Neno Moja, Tabia Tatu

Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno ugumu. Wataalamu wa metali hutofautisha angalau tabia tatu ambazo Kiswahili cha darasani huzikusanya chini ya neno hilo. Tabia ya kwanza ni uwezo wa metali kukataa kubonyezwa au kukwaruzwa. Hupimwa kwa njia kama ile aliyoitangaza Johan August Brinell wa Sweden mwaka 1900, ya kugandamiza gololi juu ya metali na kupima kishimo kinachobaki. Tabia ya pili ni uwezo wa kuhimili mzigo bila kukatika, nayo hupimwa kwa kukivuta kipande cha metali mpaka kikatike. Ya tatu ni uwezo wa kupokea pigo la ghafla bila kupasuka. Hii hupimwa kwa nyundo inayobembea na kukipiga kipande kilichotiwa pengo, kwa utaratibu unaohusishwa na Georges Charpy wa Ufaransa, mwaka 1901.

Tabia hizi si mamoja, na mara nyingi hukinzana. Tupa ya fundi ni ngumu kiasi cha kukwangua chuma kingine, lakini ikipigwa nyundo huweza kukatika. Nondo ya kawaida hukwaruzika kwa tupa hiyohiyo, lakini hupigwa na kupindwa isivunjike. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba zote mbili ni ngumu amepewa neno, hakupewa maarifa.

Historia ya karne ya 20 inaonyesha uzito wa jambo hili. Tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta iliyoitwa Schenectady ilipasuka karibu katikati ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Oregon, nchini Marekani. Maji yalikuwa matulivu. Hapakuwa na dhoruba wala mgongano. Meli nyingine kadhaa za wakati huo wa vita, zilizounganishwa kwa kuchomelewa, zilipata nyufa za namna hiyo. Utafiti wa Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulionyesha kwamba chuma kilichotumika kilipoteza uwezo wa kupokea mapigo halijoto iliposhuka, hata kama uwezo wake wa kuhimili mzigo ulikuwa wa kuridhisha. Kwa neno ugumu peke yake ajali hiyo haielezeki. Itasemwa kuwa chuma kilikuwa kigumu, kisha itasemwa kuwa hakikuwa kigumu, na msikilizaji ataondoka bila kujua kilichotokea.

3.0 Majina Yaliyobebeshwa Mengi

Hata katika majina yenyewe, wingi wa maneno usimdanganye mtu. Neno chuma hutumika kwa elementi, kwa aloi zake zote, na katika mazungumzo kwa metali yoyote ile. Lakini kaboni kidogo tu hubadili kila kitu. Chuma chenye kaboni isiyozidi takriban asilimia 2 ndicho kinachofulika na kutengenezwa springi, misumeno na reli. Kaboni ikizidi hapo, na kwa kawaida ifikapo asilimia 2 hadi 4, hupatikana chuma cha kusubu, ambacho humiminwa vizuri katika kalibu lakini huvunjika kikipigwa. Kiswahili cha kale cha pwani kilikuwa na pua na feleji kwa chuma cha aina bora. Leo feleji husikika zaidi katika mashairi, na chuma cha pua hutajwa mara kwa chuma chenye kaboni, mara kwa kile kisichoshika kutu.

Neno shaba nalo lina historia yake. Ni elementi, na pia ni aloi yake na zinki au bati. Ili kutofautisha, wasemaji huongeza rangi: shaba nyekundu, shaba nyeupe, shaba ya manjano. Siwa mashuhuri ya Lamu ni aloi ya shaba iliyosubiwa, tofauti na siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu. Lakini kuiita siwa ya shaba hakumwambii msomaji imechanganywa na nini. Huko Kongo, ambako Kiswahili kilienea sana katika miji ya migodi, neno hili lilipewa hadhi ya kuwa jina la jimbo zima: Katanga iliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997. Lugha iliyotaja jimbo kwa metali yake haikosi uwezo wa kueleza metali hiyo hufanywaje.

4.0 Maarifa Yaliyokwisha Kuwapo

Hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba sayansi hii ni ngeni, na kwa hiyo ni haki istilahi zake ziwe ngeni. Hoja hiyo haikubaliani na ushahidi. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao magharibi mwa Ziwa Viktoria. Waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma, kisha wakalinganisha kazi hiyo na mabaki ya kale. Walidai kwamba wahunzi wa eneo hilo, yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, walipata chuma chenye kaboni kwa kutumia mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuri na kuipasha hewa moto kabla ya kuukuta mkaa. Dai la hewa kupashwa moto limepingwa na wataalamu wengine, na ubishi huo ni wa halali. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba wazee wale waliijua kazi yao hatua kwa hatua. Huko Ufipa nako, matanuri marefu yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto yalitoa chuma ambacho kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto.

Watu waliofanya kazi hizo hawakuzifanya kimyakimya. Walikuwa na maneno ya mawe yafaayo na yasiyofaa, ya rangi za moto na ya makosa ya tanuri. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu kazi yao imeandikwa kwa Kiingereza, na wazee wenyewe wanazidi kupungua. Kiswahili chenyewe kina mhunzi, fuawe, koleo, mivukuto, kalibu na mavi ya chuma. Neno hili la mwisho, litajalo takataka zinazobaki chuma kikiisha kuyeyushwa, huwaonea haya baadhi ya waandishi, ilhali halina kosa lolote.

Mafundi wa leo nao wana maarifa. Afuaye panga kwa springi ya gari kuukuu anajua kwamba nondo haitamfaa. Anajua pia kwamba chuma chekundu kikichovywa majini hupata makali lakini huwa chepesi kuvunjika, na kwamba kikirudishwa motoni kwa kiasi hupata ustahimilivu. Maelezo ya kitaalamu ya mambo hayo yamo vitabuni, lakini hayajamfikia kwa lugha aitumiayo kila siku.

5.0 Njia Iliyo Karibu

Kukopa jina la elementi au la aloi si kosa. Ulimwengu mzima hukopa. Kosa ni kukopa pale ambapo lugha ina mtambo wake wa kuzalisha. Tabia za metali ni habari ya nini kinaweza kutendeka kwa kitu, na hilo ndilo linaloelezwa na mnyambuliko wa kitenzi cha Kibantu. Kutokana na fua hupatikana fulika na ufulikaji, yaani tabia ya metali kukubali nyundo. Kutokana na vuta hupatikana vutika na uvutikaji, tabia ya kukubali kunyooshwa kuwa waya. Bonyea, pindika, meguka na yeyuka hufuata njia hiyohiyo. Kwa tabia tatu zilizotajwa hapo juu, ugumu lingeweza kubakizwa kwa kukataa kubonyezwa, uhimilivu kwa kubeba mzigo, na ushupavu kwa kupokea pigo. Kwani mtu shupavu katika Kiswahili ni yule asiyevunjwa na mapigo.

Yamkini watatokea wenye kupendekeza maneno bora kuliko haya, na itakuwa heri. Jambo la msingi ni kwamba kila tabia iwe na neno lake, na kila neno lifafanuliwe kwa kipimo chake. Wapo watakaosema kwamba utafiti wa metali ni wa kimataifa na hufanywa kwa Kiingereza. Ni kweli, lakini mtafiti anayechapisha kwa Kiingereza huhitaji fundi atakayechomelea tangi la gesi au chesisi ya basi, na fundi huyo hujifunza kwa Kiswahili. Mshono uliopozwa vibaya huweza kuonekana mgumu mpaka siku ya pigo la kwanza.

6.0 Hitimisho

Hapana budi idara za Kiswahili zishirikiane na idara za uhandisi, na kabla ya kikao chochote cha kusanifu istilahi ufanyike utafiti wa uwandani miongoni mwa wahunzi na mafundi. Maneno yao yakusanywe pamoja na vitendo vyake, si kama orodha ya majina matupu. Kamusi ijayo ya sayansi isiruhusiwe kufafanua ugumu kwa uimara, na uimara kwa nguvu. Wazee waliowahi kuona tanuri likiwaka hawatangoja vikao viahirishwe mara nyingine.