Pembe ndani ya kanisa

Wachungaji wetu wanasema: chomeni vinyago vya wahenga, ngoma ni ya shetani. Sisi tunawauliza: mnajua Abbots Bromley? Iko kijiji kidogo cha Uingereza, jimbo la Staffordshire. Kila mwaka, Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, wanaume sita wanabeba pembe kubwa za kulungu wa nchi za baridi, wanacheza toka asubuhi mpaka jioni, mwenzao mmoja amevaa nguo za kike. Mwaka 1976 wataalamu walipima pembe moja: ni ya karne ya 11. Na zile pembe zinalala wapi mwaka mzima? Kanisani! Basi, kwao ni urithi, kwetu ni ushenzi? Hapana. Wazazi, walimu, tusichome tena kitu.