Nani Kasema Kuuliza Kunaua Maana?

Imerudi tena ile kauli. Safari hii ilitoka redioni, kwa mhubiri aliyekuwa akiwaonya vijana kwamba sayansi inachimba mno: ukishajua binadamu katokea wapi na nyota zinawaka kwa nini, maisha yanabaki makavu, hayana siri wala maana. Si yeye peke yake. Barazani inasemwa, kwenye mahafali inasemwa, na kila anayeisema huishusha sauti kana kwamba anatoa hekima. Hakuna hekima hapo. Ni uvivu wa kufikiri uliovishwa kanzu, na unaonikera zaidi kwa sababu wanaotishwa nao ni watoto.

Tutazame Laetoli, kusini mwa Bonde la Olduvai, ndani ya Ngorongoro. Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilikuta pale msururu wa nyayo kama 70, urefu wa mita 27 hivi, za viumbe waliopita kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita. Volkeno ilikuwa imemwaga majivu laini, mvua ikayalowesha, yakashika kama saruji. Vishimo vya matone ya mvua ile vimo hadi leo kwenye mwamba, pamoja na alama za twiga, kanga na sungura waliokatiza. Katikati yao kuna kisigino kilichozama, upinde wa unyayo, na kidole gumba kilichoelekea mbele pamoja na wenzake, si kilichochepuka pembeni kama cha sokwe. Mmoja alikuwa mdogo. Nyayo zake zinakwenda sambamba na za mkubwa, na mwingine wa tatu alikanyaga mle mle alimokanyaga mkubwa huyo.

Kwa karne nyingi mifugo ilichungwa juu ya ardhi ile, na hapakuwa na maana yoyote ya nyayo hizo ambayo mtu angeweza kuipoteza. Maana ilianza pale watu walipouliza. Walipita lini? Majivu ya volkeno yana potasiamu, na sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika, hivyo anayepima agoni iliyonaswa ndani ya chembe za mwamba anapata umri wake. Walikuwa nani? Mafuvu ya jamii yao yaliyopatikana Hadar, Ethiopia, yanaonyesha ubongo wa theluthi moja hivi ya wetu. Nazo zana za mawe kongwe kuliko zote zinazojulikana, za Lomekwi magharibi mwa Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3. Wasomi walikuwa wameamini kwa muda mrefu kwamba ubongo mkubwa ndio uliotangulia na kutuinua kutoka kwa wanyama. Kumbe jamaa zetu hawa walisimama wima kwanza, na akili hii tunayoringia ikaja nyuma sana. Anayejiuliza kuwa binadamu ni nini, halafu akaambiwa asiguse jambo kama hili, amenyimwa sehemu ya jibu lake.

Watasema udadisi huu unamfukuza Mungu. Georges Lemaître, padre wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na alibaki padre hadi alipofariki mwaka 1966. Wengine watasema wanasayansi hawaaminiki kwa kuwa kila siku wanabadili maneno. Ni kweli wanabadili. Hapo hapo Laetoli, nyayo nyingine zilizoonekana katika miaka ya 1970 ziliwahi kudhaniwa kuwa za dubu. Watafiti, Charles Musiba akiwa miongoni mwao, wakazifukua upya, wakazipima, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba ni za kiumbe mwingine wa jamii yetu aliyetembea kwa mwendo wake tofauti. Mimi nawaamini kwa sababu hiyo hiyo: waliona jibu la zamani halitoshi, wakarudi kwenye mwamba. Na wapo wanaouliza nyayo zinamlisha nani. Hoja hii ni dhaifu kuliko zote. Wanaoitoa hukesha kwenye taarabu na kulia msibani, wala hawaulizi machozi yanajaza sufuria gani.

Kinachokausha maisha ni kukatazwa kuuliza, na hilo tunalifanya kila siku madarasani. Erasto Mpemba alipouliza kwa nini maziwa ya moto yaliganda mapema kuliko yaliyopoa, jambo aliloliona mwaka 1963 akiwa Shule ya Sekondari Magamba, walimu na wenzake walimcheka. Ilibidi aje Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, akubali kulijaribu swali lenyewe, nao wakachapisha makala mwaka 1969. Wanafizikia wanalibishania mpaka leo. Sisi tunawakaririsha watoto majibu ya mitihani iliyopita, kisha tunashangaa kwamba kijana wa kidato cha nne haoni maana ya chochote.

Wala nisiambiwe udadisi ni wa Wazungu. Mwaka 2015 Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakikagua eneo la Laetoli palipokusudiwa kujengwa makumbusho. Mita 150 hivi kutoka nyayo za mwaka 1978, mashimo yao ya majaribio yakafichua nyayo nyingine 14, nyingi zikiwa za mmoja aliyekadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, mrefu kuliko wenzake wote waliojulikana pale. Alielekea upande ule ule, juu ya majivu yale yale. Je, walikuwa kundi moja? Tofauti ile ya kimo ni ya dume na majike, au ni ya umri tu? Bado wanabishana, na mtoto wa Endulen, kijiji cha jirani, ana haki ya kuingia katika ubishi huo akiwa bado yuko shuleni.