Mpiga Gitaa Anayeghani Hip Hop: Tusimfukuze, Wala Tusimpandishe Altareni



Wapendwa wana parokia, tumepokea barua mbili zinazomhusu kijana mmoja. Ni mpiga gitaa wa kwaya ya vijana, ambaye katikati ya juma hurekodi hip hop na wenzake kwa jina jingine. Barua ya kwanza, yenye saini za wazee tunaowaheshimu, yataka aondolewe katika kwaya. Ya pili, iliyotoka kwa vijana, yataka aruhusiwe kughani ndani ya Misa, ili vijana wa Nyamagana wasizidi kukimbilia kwingine. Jina lake hatulitaji. Lakini hoja za barua zote mbili twazikataa hadharani, kwa kuwa zimejengwa juu ya kosa moja: zadhani kwamba muziki wowote lazima ama uingie kanisani ama ulaaniwe.

Mwanamuziki kuwa na kazi ya kando si jambo geni. Vijana wetu wamtaja Mike Shinoda wa bendi ya roki ya Linkin Park kutoka Marekani. Mwaka 2005, bendi hiyo ikiwa katika kilele cha umaarufu wake, alitoa albamu ya hip hop iitwayo The Rising Tied. Hakuitoa kwa jina la bendi, wala kwa jina lake mwenyewe, bali kwa jina la Fort Minor. Kisha akarudi kwa wenzake, nao wakatoa albamu nyingine mwaka 2007. Katika albamu ile ya kando umo wimbo uitwao Kenji, wenye sauti za baba yake na shangazi yake wakisimulia jinsi Wamarekani wenye asili ya Japani walivyofungiwa makambini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Watu zaidi ya 110,000 waliondolewa majumbani mwao kuanzia mwaka 1942, na serikali ya Marekani haikuwaomba radhi kwa sheria hadi mwaka 1988. Hapo tujiulize: je, mtu huyu aliisaliti bendi yake, au alitafuta chombo cha kubebea neno ambalo ukoo wake ulikuwa umelibeba kwa miaka sitini?

Waandishi wa barua ya kwanza wanatukumbusha maneno ya Bwana juu ya mtumishi wa mabwana wawili. Twawasihi waifungue tena sura ya sita ya Injili ya Mathayo. Mabwana wanaotajwa pale ni Mungu na mali, si gitaa na mashairi ya kughani. Anayeimba kwaya Dominika na kuwapunja wavuvi bei ya samaki Jumatatu yu karibu zaidi na onyo lile kuliko kijana huyu. Nabii Amosi, katika sura ya tano, hakuwakemea walioimba nyimbo za mitaani. Aliwakemea walioimba nyimbo za ibada, kwa vinanda vilivyokubalika, huku haki ikikanyagwa.

Wanasema pia kwamba muziki huu ni wa kigeni na wa kihuni. Ndugu zetu, mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alikataza kwa maandishi piano na ngoma kupigwa kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ndio uliofungua mlango kwa muziki wa mataifa yetu na kwa vyombo vinavyofaa matumizi matakatifu. Ngoma tunayoiita leo mali ya Kanisa iliwahi kusimama nje ya mlango. Na huo ugeni wa hip hop umebaki wapi? Tangu Saleh Jabir aghani kwa Kiswahili mwaka 1991, muziki huu umekuwa wa nyumbani. Profesa Jay, kwa wimbo wake Ndio Mzee wa mwaka 2001, aliwachekesha watu huku akizianika ahadi za uongo za wanasiasa. Fid Q, mwana wa Mwanza hii hii, amewafundisha vijana wengi kupima uzito wa neno kabla ya kulitamka.

Hatusemi kwamba kila kinachoghaniwa ni chema. Zipo nyimbo zinazomdhalilisha mwanamke na kuabudu fedha. Hizo twazikataa, ziwe za hip hop, za dansi au za taarabu. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, alijilaumu kila alipoguswa na sauti kuliko jambo lililoimbwa. Kipimo chake kinatutosha: tuulize kinachosemwa. Tumewauliza wazee waliotia saini kama wamewahi kuyasikiliza mashairi ya kijana huyu. Hakuna aliyeyasikiliza. Barua yao inasema samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli, lakini sisi wa kando ya ziwa twajua kwamba kumkunja samaki si kumtupa.

Sasa twawageukia vijana. Hati ile ile ya mwaka 1963 yafundisha kwamba muziki mtakatifu huwa mtakatifu zaidi kadiri unavyofungamana na tendo la liturujia. Misa si jukwaa la kuvutia watu. Ni sadaka ya Kristo, na wimbo huitumikia. Ng'ambo ya ziwa, katika Jimbo la Homa Bay nchini Kenya, Padre Paul Ogalo, aliyejulikana kama Sweet Paul, alisimamishwa huduma mwaka 2018 kwa sababu ya kutumia rapu kuwavuta vijana. Hatumhukumu ndugu yetu katika upadre. Kiu yake ya kuwatafuta vijana ni kiu yetu. Lakini habari yake yatuonya kwamba nia njema haifuti swali la mahali. Shinoda mwenyewe, asiyekuwa na altare ya kulinda, aliona kwamba kazi ya pili yahitaji jina lake na uwanja wake.

Tena sisi tunao mfano wa karibu. Pale Bujora, Padre David Clement hakuwafukuza wacheza ngoma wa Kisukuma, wala hakuyageuza mashindano yao kuwa Misa. Bulabo iliunganishwa na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo: Ekaristi huadhimishwa kwa heshima yake, kisha Bagika na Bagalu hushindana uwanjani mbele ya umati. Altare ilibaki altare, na uwanja ukabaki uwanja.

Basi uamuzi wetu ni huu. Kijana ataendelea kupiga gitaa katika kwaya. Hataghani ndani ya Misa. Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, ukumbi wa parokia utakuwa wazi kwake na kwa wenzake, na tunawaomba wote waliotia saini barua ya kwanza wakae viti vya mbele. Sisi tumekwisha kuyasikiliza mashairi yake. Yanazungumzia kukosa kazi baada ya shule, na mama anayeamka alfajiri kuuza dagaa. Hayo hatujawahi kuyasikia yakisemwa na kijana yeyote katika jumuiya zetu ndogondogo, na hilo ndilo linalopaswa kutuumiza kuliko mdundo wake.

Mungu awabariki nyote.