Daktari wa kesho ajue wadi zote mbili

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa udaktari na umetumwa Kitui kwa mafunzo. Usiku analetwa kijana aliyeumwa na nyoka jioni akirudisha mbuzi. Zahanati ya karibu haikuwa na dawa ya kukabili sumu, kwa hivyo amebebwa kwa bodaboda hadi hospitali kubwa. Mguu umefura hadi gotini. La kufanya unalijua, ulisoma. Lakini saa zilizopotelea njiani hakuna mwalimu atakayekurudishia.

Sasa, mguu huo ukikatwa, tumlaumu nyoka peke yake? Kuna mahali watu waliketi wakapanga bajeti, na zahanati ile haikukumbukwa. Si ati tatizo halijulikani. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa.

Hapa Kenya neno wadi lina maana mbili: wadi ya hospitali yenye vitanda, na wadi ya MCA. Ile ya kwanza madaktari wetu hufunzwa miaka mingi. Ya pili wengi huijua wakati wa mgomo, kama ule uliodumu siku 100 kuanzia Desemba 2016.

Hilo ni kosa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, na Katiba hiyo hiyo iliweka hospitali na zahanati za kaunti mikononi mwa serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba mambo mengi ya dawa na ambulensi huamuliwa Kitui mjini na Wote, wala si Nairobi tu. Kila mwaka makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kusikizwa.

Makueni imeonyesha kuwa wananchi wakiketi, kitu kinatokea. Huko vikao vya bajeti huanzia kijijini. Mwaka wa 2016 kaunti hiyo ilizindua MakueniCare, familia ikilipa Sh500 kwa mwaka ili itibiwe katika hospitali za kaunti. Kitui nayo ikaja na bima yake ya Sh1,000 mwaka wa 2018. Mipango hiyo haikumaliza shida zote, lakini ilitokana na maamuzi ya siasa, si ya chumba cha upasuaji.

Wapo watakaosema daktari aachane na siasa, tayari ana mzigo wa kutosha. Tunawaelewa. Lakini Chuo Kikuu cha Moi kimepeleka wanafunzi wa udaktari kujifunza vijijini kwa miaka mingi. Tunaomba hatua moja zaidi: kila mwanafunzi afuate tatizo moja la kijiji hadi kwenye bajeti. Akae na wahudumu wa afya ya jamii, wahesabu pamoja kwenye rejista ni wangapi waliumwa na dozi ngapi zilikuwepo. Kisha waende kikaoni pamoja. Na apewe alama kwa hilo, kama anavyopewa kwa kupima presha.

Lakini asiende kuwasemea watu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama wa kijijini ndiye anayejua zahanati hufungwa saa ngapi na barabara gani haipitiki mvua ikinyesha. Yeye aseme, daktari amuunge mkono kwa takwimu. Ukambani mwethya si jambo geni: kila mtu huja na jembe lake, na hakuna anayekuja kuwa bosi.

Na wewe usiye daktari, kikao cha bajeti kikiitishwa wadini kwenu, enda. Ukimwona doki mchanga amesimama nyuma akiogopa, msogezee kiti.